Je, Wajua? Ngozi ya Mtu Inapogeuzwa Ubongo

Seli za ngozi zilizochukuliwa leo kwenye mkono wa mtu zinaweza, baada ya miezi michache, kuwa tishu ya ubongo inayopitisha umeme ndani ya sahani ya maabara. Utafiti huu umewapa madaktari njia ya kuchunguza kifafa, usonji, Parkinson na maradhi mengine bila kufungua kichwa cha mgonjwa. Lakini kila sahani ina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu aliyetoa sehemu ya mwili wake. Haya hapa ni mambo ya ajabu na ya kweli kuhusu sayansi hiyo, na zaidi kuhusu huyo mtoaji: aliambiwa nini, aliulizwa nini, na ana haki gani baada ya kutia saini.

Je, wajua kuwa seli ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni?

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliingiza jeni nne katika seli za ngozi ya panya. Seli hizo zikaacha kuwa ngozi na kurudi katika hali ya seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kuwa msuli, mfupa, damu au neva. Mwaka 2007 walifanya hivyo kwa seli za binadamu. Ngozi waliyotumia ilitoka usoni mwa mwanamke wa miaka 36. Taarifa ya utafiti inamtaja kwa umri na asili yake tu. Mwaka 2012 Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Kwa mtoaji, kazi huisha kwa dakika chache. Mkono husafishwa na kupigwa sindano ya ganzi, kisha kifaa chenye ncha ya mviringo huzungushwa juu ya ngozi na kutoa kipande chenye upana wa milimita 3 hivi. Kidonda hufunikwa, mtu huenda zake. Huko maabarani kipande hukatwakatwa na kulazwa kwenye sahani yenye majimaji ya rangi ya waridi, ambayo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Baada ya muda seli huanza kutambaa kutoka kwenye kingo za vipande na kuenea chini ya sahani. Zikishajaa, hugawanywa, hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika na kuhifadhiwa kwa miaka mingi. Mtoaji anaweza kuzeeka na kufa, na seli zake zikawa bado zinafanya kazi katika nchi ambayo hakuwahi kufika.

Je, wajua kuwa ubongo mdogo wa maabara haukuzidi ukubwa wa punje ya dengu?

Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, wakiwa katika taasisi ya IMBA mjini Vienna, Austria, walitangaza kwamba wamekuza tishu ya ubongo wa binadamu kutokana na seli shina. Walizifungia seli ndani ya tone la jeli, wakaliweka tone hilo katika chombo kinachozunguka polepole ili chakula na oksijeni viingie pande zote. Seli zilijipanga zenyewe katika sehemu mbalimbali, kama zinavyojipanga katika kichwa cha mtoto aliye tumboni. Baada ya miezi miwili zilifikia milimita 4 na kusimama hapo, kwa kuwa hazikuwa na mishipa ya damu ya kulisha katikati. Hata hivyo ziliweza kuishi hadi miezi 10. Tishu za namna hii huitwa oganoidi.

Sehemu ya seli hizo ilitoka kwa mgonjwa aliyezaliwa na ubongo mdogo kupita kiasi. Oganoidi zake nazo zilibaki ndogo, na watafiti wakaona sababu: seli za kuzalisha neva ziligeuka kuwa neva mapema mno, zikapungua kabla ya kujizidisha vya kutosha. Panya wenye hitilafu ya jeni za aina hiyo hawakuwa wameonyesha udogo wa ubongo wa kiwango hicho. Ngozi ya mtu mmoja ilifundisha jambo ambalo mnyama hakuweza kulifundisha.

Je, wajua kuwa virusi vilivyogunduliwa Uganda ndivyo vilivyoipa oganoidi sifa yake?

Virusi vya Zika vilitambuliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Watafiti wa homa ya manjano walikuwa wameweka tumbili vizimbani juu ya miti, na tumbili mmoja akapata homa. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa mdogo. Mwaka 2015 ulienea Brazili, na watoto wengi wakazaliwa na vichwa vidogo. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Miezi michache baadaye Patricia Garcez na wenzake mjini Rio de Janeiro walichapisha matokeo yao. Walikuwa wameviambukiza vidonge vya seli za ubongo na oganoidi kwa virusi hivyo, wakaona virusi vinaua seli zinazojenga ubongo. Jibu lilipatikana bila kumweka mjamzito yeyote hatarini.

Hapo pana somo la maadili. Seli shina za binadamu zilikuwepo tayari kwa sababu kuna watu waliozitoa kabla mtu yeyote hajawaza kwamba Zika ingekuwa janga. Aliyetoa seli kwa ajili ya ugonjwa mmoja anaweza kusaidia kutibu mwingine ambao bado haujazuka. Ndiyo maana fomu nyingi za siku hizi huomba ridhaa pana, inayoruhusu matumizi ya baadaye. Ridhaa ya namna hiyo ina faida kubwa kwa umma, na inamtaka mtoaji awe na imani kubwa kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Je, wajua kuwa jino la utoto lililong'oka linaweza kuwa ubongo?

Kwetu watoto wengi hulirusha jino juu ya paa na kuomba jipya. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, maabara ya Alysson Muotri iliwaomba wazazi wa watoto wenye usonji watume meno hayo kwa posta. Ndani ya jino mna seli hai ambazo zinaweza kugeuzwa kuwa seli shina, na kisha kuwa neva. Watafiti wa Guangzhou, China, nao walionyesha kwamba hata seli zinazopatikana katika mkojo zinatosha.

Kwa watoto njia hizi zina huruma, maana hakuna sindano wala kidonda. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kutia saini. Mzazi hukubali kwa niaba yake, na maadili yanataka mtoto mwenyewe aelezwe kadiri ya umri wake na aulizwe kama anataka. Swali gumu linakuja baadaye. Mtoto huyo akitimiza miaka 18, seli zake bado zipo na bado zinatumika. Kanuni nyingi za utafiti zinataka atafutwe na kuulizwa upya, sasa akiwa mtu mzima mwenye kauli yake. Kwa kazi ya ubongo jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa ugonjwa unaochunguzwa unaweza kuwa sehemu ya jinsi anavyojitambua.

Je, wajua kuwa familia ya Henrietta Lacks ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua?

Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi mwenye watoto watano, alilazwa katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 1951 akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alikata kipande cha uvimbe, nacho kikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Hakuna aliyemwuliza mgonjwa. Seli zake zilijigawa bila kukoma, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwa seli za binadamu katika maabara. Henrietta alifariki tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa, zilisambazwa duniani na kusaidia kazi ya chanjo ya polio na tafiti zisizohesabika.

Familia ilikuja kufahamu katika miaka ya 1970, watafiti walipowafuata ili wachukue damu yao pia. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walichapisha jenomu ya seli hizo, yaani mpangilio wote wa urithi ulio ndani yake, na kwa kufanya hivyo wakaanika siri za urithi za watoto na wajukuu wake. Baada ya familia kulalamika, taasisi za taifa za afya za Marekani zilikubaliana nayo Agosti mwaka huohuo: anayetaka kuiona jenomu hiyo ataomba, na wanafamilia watakuwa katika kamati inayopitia maombi. Mwaka 2023 warithi wake walifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher Scientific, waliyokuwa wameishtaki kwa kujipatia faida kutokana na seli hizo.

Ukisikia mtu akisema sayansi haiwezi kwenda ikiwa kila mtu ataulizwa, mkumbushe mwaka 2013. Familia iliulizwa, ikakubali, na utafiti ukaendelea.

Je, wajua kuwa mahakama ilishawahi kusema seli zako si mali yako?

John Moore alikuwa na saratani ya damu adimu, na mwaka 1976 alitolewa bandama katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kwa miaka kadhaa baadaye aliitwa arudi kutoka Seattle ili atoe damu na sampuli nyingine, akidhani ni sehemu ya matibabu. Kumbe daktari wake alikuwa ameotesha seli zake na kuzisajilia hataza, iliyotolewa mwaka 1984. Moore alishtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua kwamba hakuwa na umiliki juu ya seli zilizokwisha kutoka mwilini mwake. Hata hivyo ilisema daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa kama ana maslahi ya utafiti au ya fedha katika kile anachomfanyia.

Nusu hii ya pili ya hukumu ndiyo inayowafaa watoaji wa leo. Sheria ikikataa kukupa umiliki, bado inakupa haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kukatwa.

Je, wajua kuwa ruhusa ya jambo moja si ruhusa ya kila jambo?

Wahavasupai ni kabila dogo linaloishi ndani ya Grand Canyon, jimbo la Arizona. Kuanzia mwaka 1990 watu wake walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo ili wasaidiwe kuelewa kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo imetumika pia kuchunguza skizofrenia, kuoana kwa ndugu na asili ya kabila lao, mambo ambayo wanasema hawakuyakubali. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Katika utafiti wa ubongo hatari hii ni kubwa zaidi. Mtu anaweza kutoa ngozi kwa moyo mweupe ili ugonjwa wa mtoto wake uchunguzwe, kisha seli hizohizo zikaulizwa maswali kuhusu akili, tabia au ukichaa wa jamii nzima. Jina la mtu mmoja likifichwa, jina la jamii yake linaweza kubaki wazi.

Je, wajua kuwa kipande cha ubongo chenye ujazo wa milimita moja kinajaza kumbukumbu za terabaiti 1,400?

Mwanamke wa miaka 45 alikuwa akifanyiwa upasuaji wa kifafa. Ili kufikia sehemu yenye tatizo, madaktari walilazimika kutoa kipande kidogo cha gamba la ubongo. Jeff Lichtman wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wataalamu wa Google, walikikata kipande hicho vipande vyembamba mno, wakapiga picha kila kimoja na kuziunganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha seli zipatazo 57,000 na miunganiko milioni 150 hivi, katika kipande cha takriban milimita moja tu ya ujazo. Ramani yote iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Tishu ambayo ingetupwa imekuwa hazina ya dunia. Ila mtoaji anastahili kujua tangu mwanzo kwamba kuficha jina kuna mipaka. Mwaka 2013 timu ya Yaniv Erlich ilionyesha, kwa kulinganisha jenomu zilizofichwa majina na tovuti za ukoo, kwamba watu karibu 50 wangeweza kutambuliwa. Anayeahidi usiri wa asilimia mia moja anaahidi asichoweza kutimiza.

Je, wajua kuwa neva za binadamu zimeshafanya kazi ndani ya kichwa cha panya?

Mwaka 2022 Sergiu Pașca na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipandikiza oganoidi za binadamu katika ubongo wa panya wachanga. Zilipata mishipa ya damu, zikakua, zikaungana na neva za mwenyeji. Panya alipoguswa masharubu, neva za binadamu ziliitikia. Kwa mwanga wa samawati ulioelekezwa kwenye neva hizo, panya walifundishwa kulamba ili wapate maji. Neva zilizotokana na watu wenye ugonjwa wa Timothy, ugonjwa adimu wa kijenetiki unaohusiana na usonji na kifafa, zilionekana kuwa na matawi tofauti na ya watu wengine, jambo ambalo halikuwa limeonekana vizuri katika sahani.

Manufaa yake kwa wagonjwa ni dhahiri. Lakini kuna mtu atakayekubali seli zake zikuzwe katika sahani na asikubali ziwekwe ndani ya mnyama. Mwingine atakuwa na neno kuhusu aina ya mnyama, kwa sababu ya dini yake. Wala hawahitaji kujieleza sana. Kinachotakiwa ni swali hili liandikwe katika fomu peke yake, lenye nafasi ya kujibu ndiyo au hapana, lisifichwe ndani ya aya ndefu ya matumizi ya baadaye.

Je, wajua kuwa seli za ubongo zimefundishwa kucheza mchezo wa kompyuta, na sasa zinauzwa?

Mwaka 2022 kampuni ya Cortical Labs ya Melbourne, Australia, iliripoti kwamba seli za neva zipatazo 800,000, za binadamu na za panya, zilizowekwa juu ya vidude vya umeme, zilijifunza kurudisha mpira katika mchezo wa Pong. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilizindua kompyuta yenye neva hai za binadamu ndani yake, kwa bei ya dola 35,000 hivi.

Hapa ndipo imani ya mtoaji inapojaribiwa. Aliyetoa ngozi kwa ajili ya wagonjwa hakuwaza duka la kompyuta. Huenda asingejali, na huenda angekasirika. Hatuwezi kumjibia. Kama biashara inawezekana, aambiwe kabla, na aambiwe pia kama yeye au jamii yake watapata chochote.

Je, wajua kuwa hakuna ushahidi kwamba oganoidi zinahisi maumivu?

Ubongo wa mtu mzima una neva bilioni 86 hivi. Oganoidi ina milioni chache, haina macho ya kuona ulimwengu wala mwili wa kuumia. Mwaka 2021 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Seli Shina ilitoa mwongozo uliosema kwamba kwa sasa hakuna ushahidi wa oganoidi za ubongo kuwa na fahamu au kuhisi maumivu, na ikawataka watafiti wawe macho kadiri zinavyozidi kuwa tata.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2019 maabara ya Muotri iliona katika oganoidi zilizokuzwa kwa miezi mingi mawimbi ya umeme yenye sifa fulani zinazofanana na za watoto njiti. Mwaka 2021 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walikuza oganoidi zilizoota vikombe viwili vya macho vinavyoitikia mwanga. Kufanana kwa umeme hakuthibitishi fahamu. Lakini mtoaji anayesikia habari hizi redioni, bila kuelezwa na mtu, atalala na wasiwasi kwamba kuna kiumbe chake kinachoteseka mahali fulani. Kumweleza mapema ni sehemu ya kumheshimu.

Je, wajua watoaji wenyewe husema nini wakiulizwa?

Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Dide Haselager, walichapisha mazungumzo yao na wagonjwa pamoja na watu wa kawaida kuhusu oganoidi za ubongo. Wengi waliunga mkono utafiti, hasa kwa ajili ya tiba. Lakini waliweka masharti: walitaka kuelezwa kazi inavyokwenda, walitilia shaka biashara, na walitaka kuwe na mpaka endapo dalili za fahamu zitajitokeza.

Wenzao Sarah Boers na Annelien Bredenoord walikuwa wamependekeza mwaka 2018 njia ya kutoka. Kwa kuwa hakuna anayeweza kutaja matumizi yote ya baadaye, basi mtoaji akubali utaratibu wa usimamizi: nani anakaa katika kamati, nani anapewa seli, faida inakwenda wapi, na yeye atapewaje habari mwaka hadi mwaka. Naliunga mkono wazo hili kwa moyo wote. Sahihi ya siku moja haiwezi kubeba uzito wa seli zitakazoishi miaka 50. Kipande cha mwili ni amana, na mwenye kushika amana hutoa hesabu.

Je, wajua kuwa kuna vitu ambavyo ukishatoa havirudi?

Kila mtoaji ana haki ya kujitoa bila kutaja sababu na bila kunyimwa matibabu. Akijitoa, seli zilizobaki katika benki ya sampuli huharibiwa au huacha kutumika. Lakini matokeo yaliyochapishwa hayafutiki. Seli zilizokwisha kusambazwa kwa maabara za mbali ni vigumu kuzikusanya, na taarifa za jenomu zilizokwisha kunakiliwa haziwezi kurudishwa. Fomu nzuri husema hivyo waziwazi, na hueleza tangu mwanzo ni hadi hatua gani kujitoa kunaweza kutekelezwa.

Je, wajua kuwa Wasan wa Afrika Kusini wamewaandikia watafiti sheria zao?

Wasan wamechunguzwa mno, kwa kuwa jenomu zao ni miongoni mwa zenye tofauti nyingi zaidi duniani. Machi 2017 viongozi wao walizindua kanuni za maadili zinazomtaka kila mtafiti aheshimu jamii, awe mkweli, atende haki na awajali watu. Mtafiti hupeleka kwanza ombi kwao, na anatakiwa kurudi na matokeo. Watu waliozoea kupimwa wameweka mezani kipimo chao.

Je, wajua kuwa pwani ya Kenya imeshafanya kazi hii ya kusikilizana kwa miaka mingi?

Wazee wa pwani wanazikumbuka hadithi za mumiani, waliosemekana kuchukua damu za watu. Nairobi na Kampala, enzi za ukoloni, tuhuma hizo ziliangukia wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya katika kitabu alichotoa mwaka 2000, akazichukua kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala wa wakati ule. Mtafiti anayefika kijijini leo na sindano anakuta habari hizo zimemtangulia, na hawezi kuzifuta kwa kuzicheka.

Mjini Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakishirikiana tangu mwaka 1989, kumejengwa mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti, wakipeleka maswali ya wenyeji na kurudisha majibu. Haja yake ilidhihirika mapema. Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha uchunguzi kutoka pwani hiyo kuhusu uelewa wa ridhaa, wakaona kwamba wazazi wengi hawakuwa wametofautisha vizuri utafiti na matibabu. Mzazi aliyeleta mtoto mgonjwa alisikia hospitali, hakusikia utafiti.

Kama hivyo ndivyo kwa damu ya kupima malaria, itakuwaje kwa ngozi inayogeuzwa ubongo? Maelezo yake yanahitaji kikao, picha, Kiswahili au Kigiriama cha nyumbani, na muda wa kwenda kushauriana na mume, mke, mama mkwe au imamu. Nchini Tanzania, sampuli za binadamu haziondoki nchini kwa utafiti bila mkataba wa kuzihamisha unaopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mkataba huo unalinda nchi. Kikao kile kinamlinda mtu.

Je, wajua kuwa wagonjwa wa Parkinson wamepandikizwa seli zilizotolewa na mtu mwingine?

Mwaka 2025 madaktari wa Kyoto walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 7 wa Parkinson waliowekewa ubongoni seli zilizotokana na seli shina za mtoaji mwenye afya. Seli hizo ziliishi, zikatengeneza dopamini, kemikali inayopungua katika ugonjwa huo, na hapakutokea madhara makubwa. Jaribio ni dogo, lakini tumaini ni la kweli.

Upo upande wa pili. Seli shina nyingi zilizomo katika benki za dunia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Dawa zikijaribiwa kwenye oganoidi za watu hao tu, hatutajua vizuri zitafanyaje kazi kwa Mchaga, Mluo au Mshi. Kwa hiyo tunawahitaji watoaji wa Kiafrika, na watajitokeza pale tu watakapoona kwamba waliotangulia walitendewa haki.

Je, wajua maswali ya kuuliza kabla hujatia saini?

Kuuliza si ujinga. Uliza: Seli zangu zitageuzwa kuwa nini, na je, zitageuzwa kuwa tishu ya ubongo? Zitawekwa ndani ya mnyama? Zitapelekwa nchi gani, na nani atazisimamia huko? Je, kuna kampuni itakayopata faida, na sisi tutapata nini? Jenomu yangu itasomwa, na nani ataiona? Mkigundua ugonjwa unaoweza kunipata mimi au watoto wangu, mtaniambia? Nikibadili mawazo, nimpigie nani, na nini hakitawezekana kurudishwa? Kama mtoaji ni mtoto, mtamtafuta lini ili aulizwe mwenyewe?

Maswali hayo yajibiwe kwa maandishi, katika lugha unayoielewa. Una haki ya kwenda na fomu nyumbani, kuisoma na watu wako, na kurudi siku nyingine kusema ndiyo au hapana.